Nani Anakula Seva?

Malalamiko huja kwa maneno yaleyale kila mahali: "Seva nzito sana leo, kuna nini?" Anayeuliza ni mwanafunzi wa uzamili anayesubiri matokeo ya mfano wake, au mchambuzi wa takwimu ambaye ripoti yake inatakiwa kesho asubuhi. Msimamizi wa mfumo anaingia, anaandika `top`, anaona jina la mtu juu kabisa ya orodha, anampigia simu. Mtu anasimamisha kazi yake, mashine inapata nafuu, na wote wanaamini kwamba mkosaji kapatikana. Wiki inayofuata malalamiko yanarudi.

Nawaandikia wasimamizi wa mashine za namna hiyo: seva moja kubwa ya Linux katika idara ya chuo, taasisi ya utafiti au ofisi ya takwimu, yenye kori 32 au 64, na watu thelathini wanaoigombania. Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote yanatoka humo. Weka hesabu ya kila mtu, ya wiki nzima na ya mwezi mzima, kabla hujamnyooshea yeyote kidole.

Kwanza tuone `top` inakosea wapi, kwa sababu ndiyo tunayoikimbilia wote. Inapanga kazi moja moja, haipangi watu. Mtumiaji mmoja ana programu moja inayoonyesha asilimia 800, yaani kori nane, naye anakaa mstari wa kwanza mbele ya macho yako. Mwingine ana programu ndogo 60, kila moja asilimia 40, zimetawanyika chini ya orodha ambako kioo hakifiki. Huyo wa pili anatumia kori 24, mara tatu ya yule unayetaka kumpigia simu. Halafu `top` ni ya sekunde hii tu. Aliyeijaza diski usiku kucha na kumaliza saa kumi na moja alfajiri hayumo.

Namba tatu za mzigo zinazotolewa na `uptime`, za dakika 1, 5 na 15, nazo huwapotosha wengi. Kwenye Linux namba hizo hazihesabu wanaotaka prosesa peke yao. Zinahesabu pia programu zilizokwama zikisubiri diski. Ukiona mzigo wa 40 kwenye mashine ya kori 32 huku prosesa zenyewe zimekaa bila kazi, tatizo ni diski au hifadhi ya mtandaoni, na anayefanya hesabu nzito za prosesa hana kosa lolote. Kwa swali la "jana saa tisa mashine ilikuwaje?", sakinisha kifurushi cha sysstat na uhakikishe ukusanyaji wake umewashwa. Huandika hali ya mashine kila baada ya dakika 10, na amri ya `sar` inakusomea kumbukumbu hizo. Ila hiyo ni hali ya mashine nzima. Majina ya watu utayapata kwingine.

Kuna kisa ambacho kila msimamizi anapaswa kukijua. Mwaka 1986, katika maabara ya Lawrence Berkeley huko California, mtaalamu wa falaki aitwaye Clifford Stoll alikuwa amehamishiwa kitengo cha kompyuta. Idara zilikuwa zinalipia muda wa kompyuta zilioutumia, na hesabu za mwezi zilikuwa zimepishana kwa senti 75 za dola. Wengi wangezipuuza. Yeye alizifuatilia, zikamfikisha kwa mtumiaji aliyetumia sekunde 9 za kompyuta bila kuwa na idara ya kumlipia. Nyuma ya sekunde hizo kulikuwa na mvamizi, na ufuatiliaji wa miezi mingi ulifika Hannover, Ujerumani Magharibi, kwa kijana aitwaye Markus Hess, aliyekuwa akipenya kompyuta za jeshi la Marekani na kuuza alichokipata kwa KGB. Stoll aliyaandika yote katika The Cuckoo's Egg, kitabu kilichotoka mwaka 1989. Kilichomsaidia siku ya kwanza ni daftari la kawaida kabisa: nani katumia kiasi gani, na nani anamlipia.

Daftari hilo bado lipo kwenye Linux. Kwenye Debian na Ubuntu kifurushi chake kinaitwa acct, kwenye familia ya Red Hat kinaitwa psacct. Ukishakiwasha, kerneli inaandika mstari mmoja kila programu inapomaliza kazi: jina la programu, mwenye nayo, muda wa prosesa iliyotumia. Amri ya `sa -m` inajumlisha kwa kila mtumiaji; `lastcomm` inaonyesha programu moja moja. Ni nyepesi, ni ya siku nyingi, na haiandiki maelezo yanayofuata jina la amri, jambo ambalo mimi naliona ni faida, kwa sababu humo ndimo watu huacha majina ya wagonjwa, majina ya faili za siri, hata nywila.

Lakini ina upungufu mkubwa mmoja: mstari unaandikwa programu inapomaliza. Kazi ya wiki tatu haionekani popote hadi wiki tatu ziishe, na umeme ukikatika kabla ya hapo haitaonekana kamwe. Kwa kazi ndefu unahitaji njia ya pili.

Njia hiyo ni cgroup. Wahandisi wa Google walianza kuitengeneza mwaka 2006, ikaingia kwenye kerneli 2.6.24 mwanzoni mwa 2008, na toleo lake la pili ndilo linalokuja likiwa limewashwa kwenye Linux za leo. Mtu anapoingia kwenye seva, systemd inamwekea kapu lake kwa namba yake ya utumiaji, na kila anachokianzisha kinaingia humo. Mwenye namba 1001 ana folda hii: `/sys/fs/cgroup/user.slice/user-1001.slice`. Fungua faili la `cpu.stat` ndani yake. Mstari wa kwanza, `usage_usec`, ni muda wote wa prosesa aliotumia, kwa sehemu za milioni za sekunde. Ukisoma 3600000000, ametumia saa moja ya kori moja. Mashine ya kori 32 ina saa 768 za kori kwa siku. Hicho ndicho kipimo cha kugawia, na ukianza kuongea kwa saa za kori, mabishano mengi yanaisha yenyewe.

Andika skripti fupi. Kila baada ya dakika 5 ipite kwenye makapu yote na kuandika mstari mmoja kwa kila mtu: saa, namba ya mtumiaji, muda wa prosesa, RAM. Watu 30 ni mistari 8,640 kwa siku, faili dogo ambalo hata programu ya lahajedwali italifungua. Tahadhari moja tu: mtu anapofunga vipindi vyake vyote, kapu lake linaondolewa, na akirudi kaunta inaanza sifuri. Kwa hiyo skripti ikikuta namba mpya ni ndogo kuliko ya mwisho, ijue kwamba kaunta imeanza upya, ihesabu kutoka sifuri. Kile kilichopotea kati ya vipimo viwili utakikuta kwenye logi ya systemd, ambayo kapu linapofungwa huandika muda wa prosesa uliotumika. Litafute neno `Consumed` ndani ya `journalctl`.

Sasa mashimo, maana kila hesabu ina mashimo yake na usipoyajua utamwonea mtu. La kwanza ni Docker. Kontena zake huanzishwa na huduma ya mfumo, si na mtumiaji, kwa hiyo hazimo kwenye kapu la aliyeziita. Nimeona orodha ambamo mlaji mkuu wa seva anaonekana katumia karibu sifuri, kwa sababu kila kitu chake kiko ndani ya kontena. Dawa ni kuwahamishia watu kwenye Podman, ambayo mtumiaji wa kawaida huiendesha mwenyewe na hesabu inabaki kwake. Kwa kweli ningefanya hivyo hata bila suala la hesabu, kwa kuwa mtu aliyepewa ruhusa ya Docker ana mamlaka yaleyale ya msimamizi. Shimo la pili ni cron: kwenye Debian na Ubuntu, kazi inayoanzishwa na cron kwa kawaida huhesabiwa chini ya huduma ya cron yenyewe. Hapo `sa -m` inakuokoa, kwa kuwa inaangalia mwenye programu, haijali kapu. Ndiyo maana nasema weka madaftari yote mawili, na yakipishana usiridhike mpaka ujue kwa nini.

RAM inahitaji utulivu zaidi. Ukijumlisha safu ya RES ya `top` kwa mtumiaji mwenye programu 20 zilizozaliwa na programu moja, unahesabu kurasa zilezile mara nyingi, maana zinashirikiana. Unaweza kupata jumla inayozidi RAM yote ya mashine. Amri ya `smem` hugawa kilichoshirikiwa kwa washirika wake, nayo ni ya haki zaidi. Kwenye kapu la mtumiaji pia usichukue `memory.current` ukaridhika, kwa sababu ndani yake mna kache ya mafaili aliyoyasoma, ambayo kerneli itaiachia mara tu mwingine akihitaji nafasi. Fungua `memory.stat`, chukua mstari wa `anon`. Hiyo ndiyo RAM aliyoishika kwelikweli. Ongeza na `shmem`, maana kuna watu huweka mafaili kwenye `/dev/shm` wakidhani ni diski ya kasi, kumbe ni RAM yenyewe.

RAM pia ipimwe kwa muda. Mtu anayechukua GB 200 kwa saa tatu anatisha ukimwona, lakini jumla yake ni GB-saa 600, na ameondoka. Mwingine kafungua RStudio Ijumaa saa kumi na mbili jioni, kapakia data ya GB 90, kaenda nyumbani. Hadi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi ni saa 60, GB-saa 5,400, na prosesa haikuguswa. Katika idara za utafiti hasara kubwa hutoka kwa huyu wa pili: vipindi vya RStudio na Jupyter vilivyosahauliwa. Kerneli inapoishiwa RAM huchagua programu ya kuua, na inayouawa inaweza kuwa kazi ya mtu mwingine aliyekuwa anafanya kazi usiku huo. Angalia `journalctl -k` upande wa asubuhi; ukikuta programu zimeuawa kwa kukosa RAM, linganisha saa hiyo na orodha yako ya `anon`.

Kwenye diski, `du` ni nzuri kwa folda moja. Kuipitisha kwenye `/home` yote yenye mamilioni ya mafaili ni kuongeza mzigo uleule unaoutafuta. Washa kwota, hata kama huna nia ya kumzuia mtu, kwa sababu mfumo wa mafaili wenyewe utaanza kuweka hesabu na `repquota -a` itakujibu papo hapo. Usiache kuangalia idadi ya mafaili pamoja na ukubwa: diski yenye nafasi tele inaweza kukataa faili jipya kwa sababu idadi ya mafaili imefika kikomo, na `df -i` itakuonyesha. Vilevile, mtu anaweza kuapa kwamba amefuta GB 300 na `df` isibadilike. Huenda anasema kweli. Programu yake bado imelishika faili lililofutwa, na nafasi haitarudi mpaka programu hiyo ifungwe. `lsof +L1` itakutajia programu na mwenyewe.

Ukishakuwa na hesabu hizi, utajaribiwa kumkamia aliye juu ya orodha. Subiri. Aliyetumia saa 400 za kori kati ya saa nne usiku na alfajiri hajamdhuru yeyote. Bila yeye mashine ingekaa bure. Unachotafuta ni matumizi yanayowafanya wengine wasubiri. Tangu kerneli 4.20 Linux inapima kusubiri huko. Soma `/proc/pressure/cpu`, `memory` na `io`: mstari wa `some` unakuambia ni asilimia ngapi ya muda kuna programu iliyokwama ikingoja zamu. Iandike namba hiyo kwenye faili lako kila dakika 5, kisha angalia nani alikuwa anatumia nini wakati ikiwa juu. Orodha ya wiki ikipangwa hivyo, mara nyingi majina ya juu hubadilika.

Usiku huohuo una upande mwingine. Mei 2020 vituo kadhaa vya kompyuta kuu barani Ulaya vilizimwa baada ya kuvamiwa kwa akaunti za SSH zilizoibwa. ARCHER ya Edinburgh ilikuwa mojawapo. Kwenye baadhi ya mashine zilizovamiwa walikuwa wanachimba sarafu ya Monero, na kuna mahali uchimbaji ulipangwa ufanyike usiku tu ili usionekane. Msimamizi anayefungua `top` mchana asingeona kitu. Kwa hiyo kwenye taarifa yako ya wiki weka safu ya matumizi ya kila mtu ikilinganishwa na wiki zake zilizopita. Mtu aliyezoea saa mbili za kori kwa wiki akifika 300, mpigie simu siku hiyohiyo, kwa upole, umuulize kama ni yeye.

Kuhusu watu wenyewe, waambie kabla ya kuanza kupima. Andika ukurasa mmoja: tunarekodi muda wa prosesa, RAM, diski na majina ya programu, haturekodi yaliyomo kwenye mafaili wala mnachoandika, tunatunza kwa miezi kadhaa kisha tunafuta, wanaoona ni hawa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na rekodi inayosema nani alikuwa kazini saa nane usiku ni taarifa binafsi. Mkuu wa idara akikuomba orodha ya saa za kuingia na kutoka ili akague mahudhurio, mkatalie kwa heshima. Hukuikusanya kwa kazi hiyo, na siku watumiaji wakijua imetumika hivyo wataanza kukukwepa.

Kisha waonyeshe hesabu yao wenyewe. Kila mtu akiingia aone mistari miwili: wiki hii umetumia saa kadhaa za kori, RAM uliyoishika ni kiasi hiki, diski ni kiasi hiki. Nyumba yenye wapangaji sita na mita moja ya umeme wa LUKU haiishi ugomvi, hata kama wote ni watu wema. Weka mita ndogo kwa kila chumba na wengi watazima taa bila kuambiwa. Kwenye seva ni hivyohivyo. Wengi wanaojaza RAM hawajui kabisa kwamba wameijaza.

Na atakapokuwa mkubwa wako, andika kwa heshima lakini andika kwa namba. Ujumbe wa namna hii hufanya kazi:

"Shikamoo Profesa. Samahani kwa usumbufu. Kipindi chako cha RStudio kilichofunguliwa Ijumaa jioni bado kimeshika GB 90 za RAM, na tangu Jumamosi hakijafanya hesabu yoyote. Usiku wa kuamkia leo kazi za wanafunzi watatu zimeuawa na mfumo kwa kukosa nafasi. Je, data iliyomo imeshahifadhiwa? Kama tayari, naomba ukifunge, au niruhusu nikifunge mimi. Kama bado, nitapita ofisini saa nne tuihifadhi pamoja."

Hakuna lawama ndani yake, na hakuna neno "tafadhali punguza matumizi", ambalo halimwambii mtu afanye nini.

Vikwazo vije mwisho, baada ya mwezi au zaidi wa kupima, ili viwango vitoke kwenye matumizi halisi ya watu wako. Faili moja ndani ya `/etc/systemd/system/user-.slice.d/` linatosha kwa watumiaji wote. Anza na `MemoryHigh`, ambayo hupunguza kasi ya anayezidi, kabla ya `MemoryMax`, ambayo itaua kazi zake. Kwa prosesa napendelea `CPUWeight` kuliko `CPUQuota`: uzito unagawa pale tu panapogombaniwa, na mtu akiwa peke yake usiku anapata mashine yote. Usitegemee `limits.conf` kwa RAM, kwa sababu huko kikomo ni cha programu moja moja, na mwenye programu 60 atapata mara 60 yake. Mkishafika mashine tatu au nne, acheni kugawana kwa mikono na mweke Slurm. Hesabu itakuwa sehemu ya foleni yenyewe, na `sreport` itakutolea taarifa ya mwezi.

Taarifa hiyo ya mwezi itumie pia kuombea bajeti. Ombi linalosema "seva imezidiwa" hurudi bila fedha. Ombi linaloonyesha kwamba kwa miezi minne mfululizo, saa za kazi, watu walisubiri RAM huku prosesa zikiwa na nafasi, linampa mhasibu kitu cha kusimamia, na linawaokoa msinunue prosesa mpya wakati mlichohitaji ni RAM.

Limebaki jambo la wanaoondoka. Mwanafunzi akihitimu, usifute akaunti yake siku hiyo. Ukiifuta, mafaili yake yaliyo nje ya `/home` yatabaki na namba tupu badala ya jina, na mtumiaji mpya akipewa namba ileile anayarithi yote, pamoja na hesabu yake ya kwota. Ifunge akaunti kwa `chage -E 0`. Amri ya `usermod -L` peke yake haitoshi, kwa kuwa hufunga nywila na kuacha ufunguo wa SSH ukifanya kazi. Mpe msimamizi wake wa utafiti muda wa kuchagua cha kutunza. Kisha, kabla ya kuifuta akaunti, pitisha `find / -xdev -user jina` kwenye kila diski (weka njia ya diski hiyo badala ya `/`), ukabidhi kila faili linalojitokeza kwa mtu aliye hai kwenye orodha yako.